Tundu la Risasi

"Hili tundu ni la risasi," Mwenyekiti wa ukumbi alisema, akichomeka kidole kwenye nguzo. "Ilimkosa shujaa wetu kidogo tu."

Juu ya ngazi, shemeji yake aliyekuwa akifunga vitambaa vya harusi alipatwa na kikohozi. Tundu lile alilitoboa mwenyewe, akitafuta pa kutundika spika.

Mgeni hakucheka. Alikuwa mama wa makamo, miwani ikining'inia kifuani, na nje gari kubwa jeupe lilimsubiri pamoja na dereva. Kwa Mwenyekiti hayo yalitosha. Kampuni ya bima ilikuwa imeahidi kumtuma mtu auone ukumbi kabla ya kuukodi kwa sherehe zake zote, na mtu ndiye huyu. Pale mlangoni mama alitaka kujitambulisha, Mwenyekiti akamkata kauli: karibu mama, tunakufahamu, tumekungoja tangu asubuhi. Wateja aliwajua. Ukiwaachia nafasi ya kusema, wanaanza kuuliza habari za vyoo.

Aliwadharau wote kwa pamoja, wenye makampuni na wenye harusi. Watu wazima na vitambi vyao wanaacha kumbi mpya zenye viyoyozi, wanakuja kupigana picha mbele ya ukuta unaobanduka chokaa kwa sababu wameambiwa ni wa kale. Ukiwaambia ukweli, kwamba hili lilikuwa ghala la ngozi, na wazee wa mtaa wakalisafisha wapate pa kukutania na kina mama wapate pa kushonea nguo, nani atatoa hela yake? Kwa hiyo aliwapikia historia, na kila mwaka akaiongezea chumvi.

Wakwe watarajiwa wa binti yake walilishwa historia hiyo hiyo. Hao walikuwa watu wa kujisikia. Siku waliyokuja kwake kuleta posa, mama mkwe alikipangusa kiti kwa leso kabla ya kukikalia. Mwenyekiti aliumia rohoni, akawaapia kwamba binti yake ataolewa katika ukumbi waliokalia wafalme. Kadi zilishatoka, harusi ilikuwa Jumamosi hii. Tangu siku ya ile leso hakutamani kitu kingine duniani ila kuwaona wale watu wakiingia humu midomo wazi.

"Na hili doa?" mgeni aliuliza, amechuchumaa.

"Damu, mama."

Ilikuwa rangi ya mlango, iliyomwagika shemeji alipojikwaa.

Mgeni akavua viatu. Akalizunguka doa kwa ncha za vidole, akalipiga picha, akaipiga picha na nguzo. Kisha akasimama kwa heshima mbele ya benchi ambalo Mwenyekiti alisema mfalme alilikalia siku ya kufanya amani na adui zake. Benchi lilitoka kwenye shule iliyofungwa. Mgeni hakuuliza magari yataegeshwa wapi, hakuuliza jiko, hakuuliza hata viti. Mteja mjinga kama huyu sijawahi kumpata, Mwenyekiti aliwaza, karibu amwonee huruma.

Mama akainua uso, akamuuliza yule wa kwenye ngazi kama naye amekua akiyasikia mambo haya tangu utotoni. Shemeji akamtazama Mwenyekiti. Mwenyekiti akamtolea macho.

"Mimi wa kufagia tu, mama," shemeji alisema. "Muulize mwenyewe shemeji."

"Una hakika nayo yote, baba?" mgeni aliuliza. "Uko tayari kuyarudia mbele ya wakubwa zangu?"

"Hata mbele ya rais. Nakula kiapo."

Machozi yakamlenga mgeni. Akaushika mkono wa Mwenyekiti kwa mikono yake miwili, akasema hajui amshukuru vipi. Mwenyekiti akaona chuma kimeshapata moto, akamuuliza sherehe ya kwanza ya kampuni wanaitaka lini, maana wikiendi zinajaa haraka.

"Kampuni gani?" mama alishangaa. "Mimi ni wa Mambo ya Kale, baba, serikalini. Nilikuja kuhakikisha tu kwamba hili ni ghala la ngozi, niwaache muendelee na shughuli zenu."

Akavitazama vitambaa vya harusi, akatikisa kichwa kwa uchungu. Akamwomba shemeji avishushe taratibu, asije akaukwaruza ukuta, kisha akachungulia nje na kumwita dereva alete mnyororo na kufuli.