Boti ya Saa Kumi

Siku ya tano kambini, majirani wa hema la tatu walifungasha vitu vyao, na Mama akawatazama kwa wivu.

Da-on aliuona wivu huo waziwazi. Alikuwa na miaka saba, na wivu aliujua vizuri, maana alikuwa na mdogo wake, Si-u, wa miaka minne, ambaye kila kitu alipewa yeye kwanza.

"Kwani wao wanakwenda wapi?"

"Nyumbani," Mama alijibu. "Mtu wao alifika jana na boti."

Kambi yenyewe ilikuwa ya ajabu. Mahema yote yalikuwa meupe, yamepangwa ukingoni mwa ziwa, na walipofika walilikuta lao limeshasimamishwa. Hakuna aliyepika. Watu waliovaa vizibao vya kijani ndio walioleta chakula: wali uliokunjwa kwa mwani, supu ya moto, tambi za kopo. Watu wazima walionja tu, kisha wakashinda wakiyatazama maji. Hakuna aliyeogelea. Hakuna aliyeimba.

Da-on alidhani anajua kwa nini Mama alikuwa hacheki. Aliusikia ugomvi. Baba alikuwa ameahidi kwamba Jumamosi ile wangekwenda ziwani kupiga kambi wote wanne. Dakika ya mwisho akasema bosi wake anataka wafanyakazi wote waende matembezi ya ofisi kwa meli, huko huko ziwani.

"Nenda basi!" Mama alimwambia mlangoni. "Nenda na bosi wako, na usirudi!"

Baba alicheka tu, akamfinya Si-u shavu, akaenda. Hakurudi. Jumatatu alfajiri Mama aliwaamsha, macho yamemvimba, akasema wanakwenda kupiga kambi.

"Na Baba?"

"Tutamkuta huko."

Walipanda basi kutoka mjini kwao, Wonju, wakafika, wasimkute. Kila siku saa kumi alasiri boti ilikuja gatini, ikapiga king'ora kifupi, na watu wakatoka mahemani kuilaki. Wachache walipata mtu wao, wakaondoka bila hata kuaga. Mama alirudi hemani mikono mitupu.

Asubuhi alikuwa na tabia ya kwenda kuchuchumaa kando ya maji na kunong'ona. Da-on alimnyemelea mara moja, akamsikia: "Nisamehe, Baba Da-on. Zilikuwa hasira tu. Njoo turudi nyumbani." Basi Mama alikuwa akifanya mazoezi ya kuomba radhi. Da-on aliona ni jambo jema.

Mchana wa siku hiyo ya tano, Si-u alichoka kurusha kokoto.

"Naenda kuogelea."

"Wewe?" Da-on alimcheka. "Wewe unayelia ukinawishwa uso?"

"Silii! Utaniona!"

Akavua suruali, akatimua mbio hadi maji yakamfika magotini.

Ukelele uliopigwa haukuwa wa mtu mmoja. Kambi nzima iliinuka. Mama alifika wa kwanza, akamnyakua, akamchapa kofi la paja, yeye ambaye hakuwa amewahi kuwainulia mkono. Kisha akamkumbatia, meno yakimgongana.

Da-on akapandwa na hasira. "Ndiyo maana Baba hataki kuja! Kila siku wewe ni kelele tu!"

Mama hakumkemea. Aliketi pale pale kwenye kokoto zilizolowa, kama mtu aliyekatwa miguu.

Bibi wa hema la jirani, aliyekuwa akimngoja mjukuu wake wa kiume, alimshika Da-on mkono akamvuta kando. Kila siku bibi huyo alikuwa akimtania kuwa mashavu yake ni maandazi ya mvuke. Leo hakutania.

"Mjukuu wangu, neno likishatoka halirudi mdomoni. Nenda kamwombe mama yako msamaha. Leo, usingoje kesho."

"Baba ametukasirikia?"

"Baba yenu hana kinyongo na mtu. Ziwa hili ni kubwa, mwanangu, ndiyo maana anakawia."

Da-on akaenda. Alimwegemea Mama mgongoni, akasema maneno ya radhi chini chini, na Mama akampapasa kichwa bila kugeuka.

Saa kumi king'ora kikalia.

Mwanamume mwenye kizibao cha kijani alishuka gatini na karatasi mkononi. Alilipita hema la kwanza. Akalipita la pili, na la tatu lililobaki tupu. Akaja kusimama mbele ya Mama, akainama kwa heshima, akampa karatasi ile. Mama aliisoma mara mbili.

"Ndiye," alisema. "Ni yeye. Ni wetu."

Wanawake wa kambi walimzunguka, wakamkumbatia huku wakilia, wakisema mmoja baada ya mwingine, "Hongera, Mama Da-on. Hongera." Bibi alimshika uso kwa viganja viwili. "Una bahati, mwanangu. Mimi bado nangoja. Mpeleke nyumbani."

Da-on hakusubiri kusikia zaidi. Alimkamata Si-u mkono, wakakimbia hadi ncha ya gati wakiita kwa furaha, "Baba! Baba!"

Botini walikuwa wameketi wapiga mbizi wanne, maji yakiwachuruzika, na hakuna aliyeinua uso kuwatazama. Katikati yao alikuwa amelazwa mtu, amefunikwa shuka jeupe toka utosini hadi miguuni.