Kichuguu cha Watu Wawili

Kichuguu hakikuwepo.

Batuli alizunguka mara mbili akidhani amepotea njia. Mninga wenye kovu la radi ulikuwepo. Jiwe la kupumzikia lilikuwepo. Lakini pale kiliposimama kichuguu kirefu kuliko mtu palibaki shimo, na mchwa wachache wakihangaika ukingoni kama wafiwa waliochelewa mazishi.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha. Siku kama hii, kila mwaka kwa miaka kumi na tisa sasa, yeye na shoga yake Apolinaria walijaza vikapu hapa kwa uyoga wenye ncha kichwani, ambao hawajawahi kuuona mahali pengine. Apolinaria ndiye aliyempeleka, na alimwapisha kwanza: asijue jirani, asijue mtoto, asijue hata mume. Apolinaria, Mkristo wa Moraviani, akaapa kivyake, Batuli Mwislamu kivyake.

Na Batuli, kwa mdomo wote ule ambao mtaa mzima wa Ng'ambo unaujua, siri hiyo hakuitoa. Hata mwaka jana alipoteguka mguu papa hapa, mumewe Uwesu akaja kumbeba kwa baiskeli, alimwambia alikuwa akiokota kuni.

Sasa nani mwingine? Octavian, mtoto wa Apolinaria, anafyatua matofali. Na fundi gani asiyejua udongo wa kichuguu unavyoshika?

"Kaniuza," Batuli aliiambia miti. "Miaka yote hiyo, kaniuza kwa tofali!"

Nyumbani alikuta watu wamejaa. Kwake hujaa kila siku, ila juma hilo walizidi, maana walikuja kuona chumba cha wageni. Uwesu alikuwa amemfanyia jambo: Batuli akiwa Bukene wiki tatu kumuuguza dada yake, yeye alikisimamisha chumba, akakisiriba kuta na sakafu kwa udongo mpaka zikawa laini kama kiganja. Chai ilikuwa ikizunguka, na soga juu yake.

Apolinaria alikuwa amekaa mkekani, kikapu kitupu miguuni, mkono ukipapasa ukuta.

"Mama Octavian! Una uso wa kukalia mkeka wangu?"

"Nimetoka kule asubuhi, Mama Hafsa," Apolinaria alimwambia Batuli taratibu. "Nimeona."

"Umeona! Umefukua mwenyewe, halafu umeona! Mwanao kakosa udongo Tabora yote hii?"

Shamila wa nyumba ya pili aliacha kikombe hewani. "Jamani, kuna nini tena?"

Wakaambiwa. Kichuguu, kiapo, mninga, kila kitu. Siri ya miaka kumi na tisa ikamwagika mkekani kama chai, na kila mtu akavuta nguo yake pembeni ili isimguse.

"Mtu mmekula naye pilau ya Idi!" alisema Shamila.

"Na ya Krismasi!" Batuli akaongeza, sauti ikikatika.

Apolinaria aliondoa mkono ukutani, akatazama vumbi jekundu lililobaki vidoleni, akalifuta polepole kwenye khanga.

"Nilikuja kukuuliza neno," alisema. "Basi tena."

Akachukua kikapu chake. Mlangoni aligeuka, akatazama kuta nne zote, moja baada ya nyingine.

"Chumba kimependeza. Mungu akijaze wageni."

"Toka!"

Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, na siku zote mbili Batuli alisimulia. Aliyekuja kuomba chumvi alisimuliwa. Aliyekuja kuagana alisimuliwa upya, akakaa tena. Siku ya tatu Apolinaria alipofika bombani, wanawake walisogeza ndoo zao na kumpa mgongo. Alirudi na ndoo tupu. Batuli aliambiwa habari hiyo na watu watano, na kila alipoisikia alisema, "Anastahili."

Alasiri hiyo Shamila alikwenda nyuma ya jiko kumwaga maji ya vyombo.

"Mama Hafsa!" aliita huku akicheka. "We mama we, njoo uone neema! Miguu unaichosha porini ya nini?"

Batuli akazunguka jiko.

Juu ya lundo la udongo uliobaki Uwesu alipomaliza kusiriba, uyoga ulikuwa umechomoza, mdogo, mweupe, kila mmoja na ncha yake kichwani.