Kawa ya Mama

Kawa ya kufunikia sinia ilining'inia ukutani kwa mgema, Mzee Ngumbao; ukingo wake wa zambarau, mshono mmoja umekwenda upogo. Hapana mtu ashonaye hivyo ila mama yangu, tangu jicho lake la kushoto liingie ukungu.

Nilikuwa nimefika Dabaso kupanga safari. Wataliani wanne, wageni wa hoteli ninayofanya kazi, walitaka kupumzika siku moja penye mvinyo wa kienyeji. Nami, nisiyewahi kuonja hata tone, ndiye niliyetumwa kuwatafutia tembo la mnazi. Ratiba ilitakiwa kupigwa chapa kabla ya adhuhuri.

"Mzee Ngumbao, kawa hii ni ya nani?"

"Ya mzee mmoja wa Malindi, mwanangu. Muungwana sana. Kila Jumamosi baada ya alasiri huja akakaa hapa, akanywa taratibu mpaka jua litue. Hutuletea mkate wa kumimina. Mtamu huo!"

Mwaka wa tatu sasa, kila Jumamosi mama huamka alfajiri kusaga mchele wa mkate huo. Baba husema anaupeleka Dabaso, kwa rafiki yake aliyepooza. Mama humwombea mgonjwa yule kila anaposali.

Nilifungua daftari, nikaifuta Jumapili niliyokuwa nimeiandika.

"Wageni watakuja Jumamosi, alasiri," nilimwambia. "Tandika mkeka mkubwa. Ni Wazungu wanne, na mama yangu."