Sahani ya Mwizi wa Mtaa

Mwaka ule mwizi wa mtaa alikuwa Siwema. Mtambo wa barazani uliita jina lake asubuhi ya mwaka mpya, kama unavyomwita mmoja kila mwaka, na majirani wakampigia makofi. Si lazima mtu aibe. Lazima awepo wa kudhaniwa.

"Usijali, shoga," Mama Tatu, jirani yake, alimwambia. "Ni jina tu. Mwakani litamwangukia mwingine."

Jina tu! Lakini Siwema akitoka uani, Mama Tatu huanua nguo zingali mbichi. Na Hemedi, mume wa Siwema, alianza kunywa chai huku kopo la sukari amelipakata.

Siku moja Siwema alimpelekea Mama Tatu vitumbua katika sahani yake ya harusi. Wiki ikapita, sahani haikurudi, hata tupu. Akaenda kuiulizia. Alipiga hodi, kimya. Sahani ilikuwa uani, juu ya kichanja cha vyombo, imeoshwa. Ilikuwa yake, na ulikuwa mchana kweupe. Alishtukia mkono wake umeshaificha chini ya kanga.

"Umeitoa wapi?" Hemedi aliuliza alipoiona.

"Si sahani yetu ya harusi hii, Hemedi?"

Hemedi aliitazama, akashusha sauti. "Irudishe, mke wangu, kabla hawajajua."

Siwema aliigeuza, akatafuta pengo la ukingoni alilolitia mwenyewe. Lilikuwepo. Akalipapasa kwa kidole, kisha akaificha tena sahani chini ya kanga, akatokea mlango wa nyuma.