Ukoko wa Chumvi

Kitufe kilikataa kubonyea. Jenoveva alikikandamiza kwa dole gumba mpaka ukucha ukamuuma, kisha akakirudisha kipumulio cha kuzamia cha marehemu mumewe kwenye beseni la maji ya moto.

Kesho wangeanua tanga, na vitu vya marehemu havigawiwi vichafu. Kampuni ya wazamiaji kule Tanga ilikuwa imevituma kwa basi hadi Same pamoja na barua: vifaa vilikuwa vizima na vilisuuzwa chumvi kila jioni, kufia chini ya maji ulikuwa uzembe wa mzamiaji mwenyewe.

“Jaribu tena, wifi,” alisema dada wa marehemu, akiwa ameshika kopo. “Tulishabadilisha maji, ule uchafu umelainika.”

Jenoveva akabonyeza kwa nguvu. Pande jeupe likachomoka kutoka ndani ya kipumulio na kumwangukia kiganjani, nene kama ukoko wa ugali.

Akalionja kwa ncha ya ulimi. Chumvi, na si ya siku moja. Ilikuwa imegandamana tabaka juu ya tabaka. Mumewe aliwahi kumwambia kwenye simu: hii ikiganda humu, pumzi inakwama.

Alipofumbua kiganja kilicholowa maji ya moto, pande lilikuwa limeshayeyuka.

“Wifi, yale maji ya kwanza, yenye chumvi yake, yako wapi?”

“Nimemwagilia mchicha. Maji yenyewe ya kununua, tuyatupe?”

Jenoveva akabonyeza kitufe. Kikabonyea, kikarudi. Akabonyeza tena, na tena. Kilifanya kazi vizuri kabisa, kama barua ilivyosema.