Hati ya Mwakisha

Siku hizi hati ya kukamatwa haizikwi pamoja na mtu. Humfuata atakayerithi jina lake. Kabla mwanangu hajapewa jina, nilimwonyesha mama mkwe kumbukumbu za mahakama kwenye simu: marehemu mumewe, Mwakisha, bado anatafutwa kwa kosa la kukata mti wake mwenyewe bila kibali.

“Mama, mtoto tumpe jina jingine.”

“Mume wangu apotee hivihivi kwa sababu ya mti? Mjukuu ni Mwakisha!”

Mume wangu, mwanamume mzima, akatazama viatu vyake.

Leo nimempeleka Mwakisha mdogo mahakamani mgongoni, bibi yake akitufuata, ili hati ifutwe.

“Mshtakiwa asimame,” hakimu akaamuru.

Nikamshusha mwanangu; akashika ukingo wa kizimba, akasimama dede kwa mara ya kwanza. Bibi yake akapiga makofi.