Pakacha Ndani ya Seng'enge

Kafedha aliumwaga mtungi mzima wa maji nyuma ya nyumba, maji masafi hata ungeweza kujitazama uso, kisha akausugua mtungi kwa mchanga mara tatu. Bado aliona kinyaa.

"Mama, maji hayo Kitsao ameyateka alfajiri kisima cha mbali," bintiye Nyamvula alisema. "Hakutaka uchoke."

"Mikono iliyoyateka naijua inashika nini."

Nyamvula aliinama, akaendelea kumenya muhogo.

Kitsao alikuwa mkwe mwema. Hilo Kafedha hakulikana hata kwa hasira. Alifanya kazi kwenye machimbo ya mawe upande wa Bamburi, na tangu vita vianze mawe ya barabara yalitakiwa kila siku. Machimbo yalipolimeza shamba la Kafedha, ni Kitsao aliyemjengea chumba hapa Mtopanga. Alikikandika mwenyewe, akauelekeza mlango kwenye upepo kwa sababu aliambiwa mama mkwe wake hupata pumu.

Lakini Jumatatu mchana, akiokota kuni, Kafedha alimwona akipenya seng'enge ya serikali.

Ndani ya seng'enge kulikuwa na vilima vitano vya makaburi ya kale, mawe juu ya mawe, ya watu ambao hata bibi yake Kafedha hakuwajua. Kibao kilikataza mtu yeyote kuvigusa. Kitsao alikuwa na pakacha begani, limefunikwa majani, na jembe la mpini mfupi. Akapotelea nyuma ya kilima cha tatu. Alipotoka, pakacha lilining'inia tupu na magoti yake yamejaa udongo mwekundu.

Kafedha alielewa mara moja. Mabaharia wa manowari walinunua shanga na vigae vya kale kule kisiwani, na wengine, ilisemekana, hata mafuvu. Bila shaka Kitsao alifukua, akaficha humo humo vichakani mpaka apate mnunuzi.

Jumanne ikawa hivyo hivyo. Jumatano pia.

Kumuuliza hakuweza. Kwao mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja huingia majanini hadi mwenziwe apite. Maneno yao yote yalipitia kwa Nyamvula.

"Muulize mumeo anachimba nini kwa wafu wa watu."

"Mama, mambo mengine ukiyajua mapema hulali."

"Kumbe unajua. Na chungu kimoja mnakula."

Wafu wale wa kale hawakuwa wake, lakini alikuwa na wake. Kwenye shamba lililochukuliwa, ng'ambo ya vichaka, palikuwa na makaburi manne yasiyo na jiwe wala kibao: la mumewe, na ya watoto watatu waliochukuliwa na ndui mwaka mmoja. Kwa sababu ya baruti ya kupasulia mawe hakuruhusiwa tena kuyakaribia. Ndipo alipomwendea bwana mkaguzi wa mambo ya kale. Bwana yule alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho bila kutazama saa. Aliahidi kuwaomba wakubwa waisogeze seng'enge iyazunguke na yale manne.

"Ila Jumamosi nakuja kuvipima vilima," alisema. "Nikikuta jiwe moja limeguswa, sitakuwa na la kuwaambia."

Alhamisi Kitsao alimpelekea samaki wa kukaanga, kipande kinono cha katikati. Kafedha alipokileta karibu na pua, alisikia harufu ya udongo wa kaburi. Akamtupia paka, kisha akatoka nje kutapika.

Ijumaa mchana alimkuta Elkana, mlinzi wa vilima, mtu wa bara, amekaa kwenye baraza la duka akila sima.

"Wewe unalinda vilima au unalinda sufuria?"

"Mama, wafu wa miaka mia tano watakimbilia wapi nikila?" Elkana alicheka. "Au wameomba ruhusa ya kwenda Likoni?"

"Hawakimbii. Wanatolewa kwa pakacha."

Elkana aliacha kutafuna. Akanawa mkono, akachukua rungu lake.

Walimkuta Kitsao amepiga magoti nyuma ya kilima cha tatu. Mawe machache yalikuwa yamepangwa pembeni taratibu, na shimo limefika kina cha mkono. Hakukimbia. Elkana alimkunja mkono mgongoni, naye akaacha akunjwe.

Kafedha alisimama mbali, leso puani, uso ameugeuza upande. Alitema mate.

"Fungua pakacha, Elkana. Uone mtu anavyowachuuza wenziwe kama muhogo."

Elkana aliyaondoa majani. Hakukuwa na shanga wala vigae. Kulikuwa na nguo ya bafta nyeupe, mpya, imekunjwa vizuri na kufungwa kwa kamba ya ukindu. Aliifungua kidogo, akaifunga upesi.

"Ni mifupa," alisema kwa sauti ndogo. "Ya mtu mzima."

"Si nilikwambia? Mpeleke. Na bwana mkaguzi akija kesho aambiwe ni mimi Kafedha niliyekuja kusema, asije akadhani nilikuwa naye."

Kitsao aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu amuoe Nyamvula, miaka tisa, alimtazama mama mkwe wake usoni, wala hakuyaondoa macho.

"Mama," alisema, "watoto wote watatu nimeshawalaza hapa. Huyu ni baba. Nimemtoa asubuhi, kabla baruti haijapita pale."